Dresa Aliniuliza Kama Naona

Jumatano, tarehe kumi na nne. Upepo tangu alfajiri, ule wa mashariki unaokausha midomo. Vumbi limekaa juu ya maji ya ndoo ingawa niliifunika. Jua kali, wingu hata moja hakuna.

Leo tumetoka hospitali mjini, mimi, binti yangu Zuhura na mtoto wake Rehema, ambaye hajatimiza miaka mitano. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyesema mtoto apelekwe, kwa kuwa anainamisha kichwa upande akiangalia picha. Zuhura alisema ni mikogo ya kitoto. Mimi sikusema kitu. Naliandika hilo kwanza ili iwe haki: mimi niliyepaswa kuwa wa kwanza kusema, nilinyamaza.

Muuguzi alikuwa na karatasi ya picha ameibandika ukutani, upande wa pili wa chumba. Alipomziba Rehema jicho la kushoto, mtoto alitaja zote bila kuulizwa mara mbili: nyumba, kuku, mwezi, kikombe. Alipomziba la kulia akasema, "Kuku." Picha ya pili, kuku. Ya tatu, kuku.

Zuhura akacheka. "Huyu leo ana njaa."

Nami nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia, maana nilijua mtoto anafanya nini. Alikuwa anampa mtu mzima jibu ili mtu mzima aridhike na amwache.

"Jicho la kushoto halijajifunza kuona," muuguzi akatueleza. "La kulia linafanya kazi yote, hili limekaa tu. Atapata miwani, na kila siku mtaliziba hili zuri kwa plasta saa chache, ili lile lingine lilazimike." Akanigeukia mimi. "Mmewahi, bibi. Angeletwa akiwa msichana mkubwa ningekuwa na maneno mengine."

Pale mezani kwake palikuwa na tyubu ya mafuta ya macho imeachwa wazi. Harufu yake ni ndogo, kama ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na samli. Ilinifika puani nikashika ukingo wa meza. Zuhura akaniuliza kama ni presha. Nikasema ni jua.

Haikuwa jua. Sijui kama nitaweza kuliandika vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la nne, na namna ilivyoishia ndiyo habari yenyewe. Nikikosea mahali, ni kumbukumbu iliyokosea.

Tulikuwa tunakaa nyuma ya miamba, mwendo wa nusu siku kutoka Ikungi, tembe letu peke yake ndani ya ua wa minyaa wenye mlango mmoja. Kila aliyekuja alipita mlango huo, na kabla hajafika nilikuwa nimeshamjua. Baba alikohoa mara mbili. Mama alinuka moshi na maziwa. Bibi alikokota katambuga zake za tairi kama mtu anayefagia. Dunia niliiona kama nilivyodhani watu wote wanaiona: mpaka urefu wa mkono kila kitu kina ukingo wake, kupita hapo ni rangi tu. Niliamini mti ukiwa mbali hauna majani, na kwamba unayapata ukiufikia. Baba akisimama mlangoni na kusema, "Yule mtamba mwekundu amebaki nyuma kule kwenye jiwe," niliona ni akili yake tu, ile ile ya wazee wanaojua mvua inakuja lini. Nilingoja nikue nami nijue.

Bibi ndiye aliyetupoteza wote, bila kukusudia. Uzi ukimshinda kwenye sindano aliniita mimi. Niliisogeza sindano hadi karibu na pua, nao uzi ukapita mara moja. "Mtoto huyu ana macho ya mwewe," alimwambia kila aliyeingia uani. Basi ukoo mzima ukajua kwamba mimi ndiye mwenye macho.

Kisha tukahamia kijiji cha ujamaa. Baba alijiandikisha mwenyewe, hakusukumwa na mtu, na sitasema ilikuwa vibaya. Maji ya bomba tuliyapata pale, na shule ilikuwa karibu. Lakini nyumba zilipangwa mstari kama mahindi ya shamba la mfano, na katikati kulikuwa na barabara pana ambayo watu walipita upande wa pili, kimya, bila mlango, bila kikohozi.

Hatukumaliza mwezi. Mzee Shabani, balozi wa nyumba kumi upande wetu, akaja jioni akakaribishwa kigoda.

"Ntandu, nimekuja kwa jambo dogo," alimwambia baba.

"Karibu, mzee."

"Huyu binti yako ananipita barabarani kama anapita mbuzi. Juzi hivyo, jana hivyo. Namtazama, ananitazama, salamu hakuna."

Baba akaniita. "Jana ulimwona mzee?"

"Sikumwona."

"Mzee anasema ulimtazama usoni."

"Sikumwona, baba."

"Basi na sasa hanioni," mzee Shabani akasema, "nami nimekaa hapa na tumbo langu lote."

Mama alitaka kucheka akajizuia. Nikapiga goti nikasema shikamoo, lakini ilikuwa imechelewa. Baba alinichapa fimbo tatu mbele ya mgeni. Hazikuzidi tatu, na mzee Shabani mwenyewe ndiye aliyesema imetosha. Namwelewa baba sasa, au nadhani namwelewa. Tulikuwa wageni pale, na watu walishaanza kusema kwamba waliotoka nyuma ya miamba hawana adabu kwa kuwa wamezoea kukaa na ng'ombe.

Tangu siku ile nikaamua kusalimia kila kitu. Rangi yoyote iliyosimama wima barabarani niliipigia goti kidogo na kuiambia shikamoo. Nilisalimia watoto wa rika langu. Nilisalimia shina la mti lililokatwa mbele ya ghala la kijiji, kwa wiki nzima, mpaka siku moja nilipoligusa. Na asubuhi moja nikamsalimia punda wa maji, amesimama kando na madumu yake. Nyuma yake alikuwa amejificha msichana wa jirani, Mwasiti.

"Marahaba, mjukuu wangu," Mwasiti akaitikia kwa sauti nzito. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na ng'ombe?"

"Hawajambo, babu."

Watoto waliokuwa bombani walikaa chini kwa kucheka. Nikaitwa Shikamoo Punda. Mwasiti bado yupo, anauza dagaa mjini, na akiniona mpaka leo huniuliza kama ng'ombe hawajambo. Simchukii. Alikuwa mtoto, na kusema kweli lilichekesha.

Lakini wazee walipenda. "Ukitaka kuona mtoto aliyelelewa, mtazame binti wa Ntandu," mzee Shabani alisema mkutanoni. Baba alirudi ametanua mabega. Na hapo ndipo nilipofungwa mdomo, maana hakuna mtu anayemchunguza mtoto anayesifiwa. Lile ambalo lingeweza kunishtaki kwamba sioni, nilikuwa nimelifunika kwa heshima.

Shuleni walinipima mkono. Wanaonisoma wa umri wangu wanakumbuka: unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukigusa sikio la kushoto umefika umri. Mimi nilikuwa mrefu, nikaligusa na kulishika. Mwalimu Elia akasema, "Huyu hata mwaka jana alikuwa tayari." Na kwa kuwa nilikuwa mrefu nikapelekwa dawati la nyuma, nisiwazibe wenzangu. Haikuwa uonevu. Hata leo ningewapanga hivyo hivyo.

Ubao kwangu ulikuwa kitu cheusi chenye moshi ndani. Nilidhani kusoma ubaoni ni kukariri: mwalimu anatamka, unashika, kisha akikunyooshea kidole unarudisha. Nilikuwa na masikio mazuri, nikafika darasa la tatu kwa masikio hayo. Tulipoanza kazi za kunakili, mwalimu akawa anaandika bila kutamka. Hapo nikaanza kunakili kwa jirani. Jirani akikosea, nilikosea naye na fimbo nikala zangu.

Mwaka ule watu wazima wakaanza kisomo, alasiri, darasani kwetu. Mama akaenda. Alirudi siku ya kwanza ameshika daftari kwa mikono miwili kama anabeba mayai.

"Nimesoma neno zima," alituambia. "Mwalimu kaandika, kanyamaza, mimi nikasoma. Maji."

"Ulisogea mbele?" nilimwuliza.

"Nisogee kwa nini? Nilikaa dawati lako, lile la nyuma. Nimeona hata ufa wa ubao ulivyoenda."

Nakumbuka nilikuwa nachambua mawe kwenye mtama. Niliinama juu ya ungo nikaendelea kuchambua. Mama yangu hakuwa mwongo, na kumwambia mzazi kwamba anaongopa ni jambo lisilowezekana. Basi likabaki jibu moja tu. Mama hajui kusoma, ana siku moja tu darasani, na anayaona maneno. Mimi nina miaka mitatu na siyaoni. Kwa hiyo mimi ni mjinga. Nililikubali kama mtu anavyokubali urefu wake, na sikumwambia mtu, kwa sababu ujinga hautangazwi.

Kama kuna siku moja katika maisha yangu ningeirudia, ni ile ya mtama. Ningesema tu, "Mama, mimi siuoni huo ufa." Angenishika mkono akanipeleka zahanati, namjua. Lakini sikusema.

Baada ya mavuno wakaja watu wa macho. Walikuja na Landrova, dresa mmoja wa makamo, kama walivyoitwa wahudumu wa tiba siku zile, na kijana wa kumwandikia. Mwalimu Elia akatupanga mstari kwenye uwanja wa paredi. Kijana alisema kwa sauti kwamba wamekuja kupima macho ya watoto wote. Nikajisemea leo itajulikana kama ni macho au ni ujinga. Niliomba yawe macho. Sijui mtoto mwingine aliyewahi kuomba hivyo.

Zamu yangu ilipofika dresa alinikalisha kwenye kiti cha mwalimu akaniinamia. Alinuka sabuni na yale mafuta. Alikunja kope zangu kwa ncha ya kijiti, moja baada ya nyingine, akaangalia chini yake.

"Yanawasha?"

"Hapana."

"Yanatoa tongotongo asubuhi?"

"Hapana."

"Unaona?"

Uso wake ulikuwa kiganja kimoja kutoka wangu. Koti lake jeupe lilikuwa na kifungo cha matundu manne, na tundu moja halikushonwa. Nilikiona vizuri sana. Nikasema kweli tupu.

"Naona."

"Safi kabisa," akamwambia mwandishi. "Huyu mzima. Anayefuata."

Hatua kumi nyuma ningempa jibu jingine. Hakurudi hatua kumi. Na lazima niandike upande wake, maana hayupo wa kujitetea: alikuja kutafuta vikope, ule ugonjwa uliokuwa unapofusha watu kwetu. Watoto kumi na kitu mstarini mwetu aliwakuta nao akawapaka mafuta, na Mwasiti alikuwa mmojawapo. Mama mkubwa wa Mwasiti alikwisha kuwa kipofu kwa ugonjwa huo huo. Dresa aliokoa macho ya Mwasiti mchana ule. Yangu aliyapitisha kama mazima kwa sababu kope zilikuwa safi, na hakuna aliyemtuma kupima zaidi. Nimejaribu miaka mingi kumkasirikia mtu mmoja, na kila nikimfikia namkuta alikuwa anafanya kazi yake.

Ila uchungu upo hata kama hauna mwenyewe. Maana kabla ya siku ile mwalimu Elia alikuwa na shaka. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu binti wa Ntandu sielewi, akisikia anajua, akiandika hajui." Baada ya siku ile hakuwa na shaka tena.

"Macho yamepimwa, mazima," aliniambia. "Kwa hiyo ni uvivu."

Fimbo ziliongezeka. Ningekuwa sikupimwa kabisa, labda shaka ile ingemfikisha mahali. Sina hakika. Naandika labda.

Mtihani wa darasa la nne, wa kuchuja watakaoendelea, ulikuwa na hesabu za ubaoni. Tulikaa mbalimbali, dawati moja mtoto mmoja, mimi nyuma kabisa. Jirani wa kunakilia hakuwepo. Niliinua mkono nikamwomba msimamizi nisogee mbele.

"Unataka kumwangalizia nani?" akaniuliza.

Darasa likacheka, akiwemo Mwasiti kwa sauti yake ya punda. Nikakaa. Niliandika jina langu kwa herufi nzuri sana, nikaandika namba moja hadi kumi kwenda chini, na mbele ya kila namba nikaandika sita. Kwa nini sita sijui. Nilitaka msahihishaji aone kwamba nimejibu.

Matokeo yalipotoka baba alikaa nayo siku mbili. Kisha akaniambia, "Adabu unayo. Itakutosha." Aliyasema kwa upole, na nadhani alimaanisha kunifariji. Nilikuwa nimeshazoea kumsalimia kila mtu, nikamwambia ahsante.

Miwani niliipata nikiwa mama wa watoto wanne. Mtaalamu aliniwekea vioo kimoja kimoja, na kwenye jicho la kulia kikafika kimoja ambacho kilinionyesha mti wa nje ya dirisha ukiwa na majani yake yote. Nikangoja afanye hivyo na kushoto. Aliweka, akatoa, akaweka, akatoa. Mwishowe akaketi.

"Hili mama, kioo hakilisaidii. Lilitakiwa kufundishwa ukiwa mtoto mdogo. Jicho hujifunza kama ulimi unavyojifunza kusema, na likipitwa na wakati wake limepitwa."

Nikamwambia nilipimwa nikiwa mtoto. Akaniuliza walinipima nini. Nikamweleza kope na kijiti. Akaandika.

Niliondoka na miwani nikaenda moja kwa moja kwa baba. Alikuwa mzee tayari, anaishi nyumba ile ile ya mstarini. Nikiwa bado ng'ambo ya barabara nikamwona mtu amekaa mlangoni kwake, nikamjua ni yeye, na nilikuwa sijawahi kumjua kutoka mbali namna ile. Akainua mkono. Nami nikainua wangu.

Nilipofika nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia haraka. Alikuwa ananitazama.

"Leo umenipungia," akasema.

"Nimekuona."

"Tangu siku ya Shabani sikuwa na raha," alisema. "Nilikuwa nikitoka shamba la kijiji jioni, nakuona umekaa hapa mlangoni, nainua mkono. Kila siku. Hukuwahi kuinua wako. Nikajua mtoto ameniwekea kinyongo. Nikasema basi, ni haki yake."

Nikavua miwani nikampa. Aliishika akaigeuza, akaiweka machoni, akaiondoa upesi kwa kuwa ilimsumbua. Halafu akanirudishia, akaniitikia marahaba. Tulikuwa tumekaa kwa uadui miaka yote hiyo, yeye akiamini mimi ndiye niliyeuanzisha, na mimi nisijue kwamba upo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko darasa la nne. Shule ningeikosa kwa sababu nyingine pia, wenzangu wengi walikosa. Lakini ule mkono wa baba ulikuwa wangu peke yangu.

Marehemu baba hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Sijui nani alikuwa anadaiwa.

Tulipofika nyumbani leo Zuhura alimbandika Rehema plasta kama tulivyoelekezwa. Mtoto akalia, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akakaa chini uani. Wapangaji wa nyuma wakachungulia.

"Mama, tumwondolee," Zuhura akaniambia. "Anateseka. Na watu wataanza kusema. Tungoje akue kidogo, akiwa na akili zake ataelewa mwenyewe."

Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini nimekuwa mgumu, mimi ambaye huwa namtetea. Sikuweza kumweleza yote haya pale pale, ndiyo maana nimeyaandika. Nilimwambia tu kwamba plasta haitoki mpaka saa zake zitimie, na akitaka kugombana agombane na mimi. Akaingia jikoni amenuna. Huenda nimekosea namna ya kusema. Kuhusu plasta sidhani.

Kisha nikaenda kusimama kwenye geti la bati na kuinua mkono. Rehema alikuwa amekaa mlangoni, uso umeelekea kwangu, jicho zuri limezibwa. Hakufanya kitu. Nikasogea hatua moja na mkono wangu juu, nikasogea nyingine. Wapangaji lazima walidhani nimechanganyikiwa. Nilipobakisha hatua tisa kufika kwake, akainamisha kichwa, akatulia, akainua mkono wake mdogo.

"Bibi," akasema.

Nimeandika hapa: tisa. Kesho nitapima tena, jioni, mwanga ule ule.

Tumekula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kwa mtoto. Rehema, plasta ikiwa bado jichoni, alichovya tonge pembeni ya bakuli mara mbili, kwenye mkeka. Mara ya tatu akalipata bakuli.